Saa ya dashibodi ikisimama Mbinga, spea itatoka wapi?

Na Mwandishi Wetu, Mbinga

*Wenye magari ya zamani huambiwa kwamba saa zao hazina spea. Nyingi ya saa hizo hazikuvunjika kitu. Na zile zilizovunjika kweli, spea zake zimelala katika mabanda ya Umatengo na mwambao wa Ziwa Nyasa, zikisubiri kupimwa kwa kilo.*

Mwezi Juni, alfajiri ya Mbinga ina baridi ya kuuma vidole. Mji uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Umatengo inayouzunguka hupanda hadi karibu mita 2,000. Ni msimu wa kahawa, kwa hiyo magari huamshwa mapema.

Dereva wa Benzi 240D, gari la dizeli la miaka ya 70, anasubiri hita ya injini ifanye kazi yake, kisha anapiga stata. Injini inagoma. Anapiga tena, inagoma. Taa za dashibodi zinafifia, stata inazunguka kwa uchovu, na mara ya tatu injini inaitika kwa moshi mzito.

Gari limewaka. Saa iliyo kwenye dashibodi haikuamka nalo. Jana ilikuwa ikitembea. Leo mishale imesimama, na haitasogea tena hata betri ikijaa hadi juu.

Dereva hajali sana, maana simu iko mfukoni. Miezi itapita, miaka itapita. Siku gari litakapouzwa, mnunuzi ataambiwa kwamba hiyo saa ni mbovu tangu zamani na spea yake haipatikani. Maneno hayo nimeyasikia katika gereji nyingi, na ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya, kwa sababu mara nyingi si kweli.

BARIDI, BETRI NA SAA

Saa nyingi za magari zilizotengenezwa kabla ya enzi ya quartz zina mashine ya kawaida ndani yake: meno, springi na gurudumu dogo la kupima mwendo, kama saa ya mezani ya kengele. Tofauti ni kwamba hakuna mtu wa kuitia ufunguo. Kazi hiyo hufanywa na umeme wa betri.

Springi yake ni fupi, huisha nguvu baada ya dakika chache tu. Ikilegea, vipande viwili vidogo vya chuma hugusana. Umeme hupita kwenye koili, koili huurusha mkono mdogo kwa nguvu, springi inakazwa upya na vile vipande vinaachana. Ukikaa ndani ya gari lililozimwa, mahali penye utulivu, utasikia mlio huo mfupi ukijirudia. Ndiyo saa inayojitia ufunguo.

Kazi hiyo inataka volti 12 zilizotimia. Stata ya dizeli asubuhi ya baridi hunyonya betri kiasi kwamba volti hushuka sana kwa sekunde kadhaa. Ikitokea vile vipande vimegusana wakati huohuo, koili haipati nguvu ya kuurusha mkono. Vipande vinabaki vimegusana, umeme unaendelea kupita, na koili inaanza kupata moto.

Watengenezaji walilijua tatizo hili. Katika saa za Kienzle, kampuni ya Schwenningen huko Ujerumani ambayo saa zake zimo kwenye magari mengi ya Kijerumani, waliweka kinga. Kiungo kimoja cha umeme kimeshikwa kwa risasi laini, inayoyeyuka kwa joto dogo. Koili ikizidi moto, risasi inaachia, kibati kinafyatuka, na umeme unakatika. Koili inabaki salama.

> “Koili inabaki salama. Saa imejizima yenyewe isiungue.”

Ndiyo maana saa ya Benzi yetu haikuamka. Saa imejizima yenyewe isiungue. Anayeikuta hivyo miaka 20 baadaye akaitupa, ametupa saa nzima iliyohitaji tone moja la risasi na kusafishwa vile vipande viwili.

Hapa lazima niweke onyo. Risasi ya kawaida ya kulehemu, ile anayotumia fundi redio, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 183 za Selsiasi, wakati ile ya kinga huyeyuka chini sana ya hapo. Fundi akiunganisha kiungo hicho kwa risasi ya kawaida, saa itatembea na mteja atafurahi, lakini kinga imeondoka. Siku betri itakapochoka tena, kitakachoungua ni koili yenyewe, au waya nyuma ya dashibodi. Kama risasi laini haikupatikana, ni afadhali waya wa saa uwekewe fyuzi yake ndogo, na pia swichi ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi. Dereva wa nyanda za baridi ataizima saa kabla ya kupiga stata na kuiwasha injini ikishaunguruma. Ni kazi ya sekunde mbili, na inaongeza miaka ya uhai wa saa.

MAGARI YALIYOBAKI

Msomaji anaweza kuuliza magari haya yanafanya nini Mbinga hadi leo. Jibu liko barabarani.

Kwa miaka mingi safari ya kutoka Mbinga kuteremka Mbamba Bay, kilomita 66 hivi, ilikuwa ya Land Rover. Barabara inaanguka kutoka kwenye mibuni na mashamba ya mashimo ya ngolo ya Wamatengo hadi kwenye ziwa lililo chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Mvua za masika zilipoulainisha udongo wa miteremko ile, basi halikuthubutu. Land Rover One Ten na zile za zamani zaidi zilibeba abiria, magunia ya kahawa, wagonjwa, na usipa mkavu uliokuwa ukipanda kutoka ziwani.

Saa ilikuwa na kazi wakati huo. Meli za MV Songea na MV Iringa zilizotoka Itungi zikipita bandari ndogo za mwambao hadi Mbamba Bay hazikumsubiri mtu aliyekwama mlimani. Wenye umri wanakumbuka pia kwamba katika miaka ya shida ya mafuta, magari binafsi yalipigwa marufuku barabarani Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Dereva aliyekuwa mbali na nyumbani aliitazama dashibodi kwa wasiwasi, na si spidi aliyokuwa akiitazama.

Tena hayo yalikuwa magari ya kutunzwa hasa. Baridi kali iliyounguza mibuni ya Brazil Julai 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani kwa takriban miaka miwili, na fedha za kigeni zikaingia, lakini baada ya hapo ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na fedha za kigeni zikaadimika. Gari jipya likawa ndoto, na spea ikawa kitu cha kuombewa kibali. Hata baada ya serikali kuruhusu, mwaka 1984, watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, mafundi wa mikoa ya kusini waliendelea kuishi kwa kuchonga, kuungaunga na kuhamisha kifaa kutoka gari hili kwenda lile. Ustadi wanaousifia wageni kwa mafundi wetu ulizaliwa katika shida hiyo.

Sasa lami imefika. Barabara ya Peramiho hadi Mbinga ilijengwa kwa msaada wa Marekani kupitia mfuko wa MCC, na ile ya Mbinga hadi Mbamba Bay ikafuata kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga, ina makao yake Mbamba Bay, na Noah na Coaster zinateremka huko kila siku. Magari ya zamani yamepumzishwa: nyuma ya nyumba za wazee, kwenye yadi za misheni, pembeni ya maghala ya vyama vya ushirika. Mengine bado yanatembea. Hayo ndiyo yanayotafutiwa saa.

SI KILA SAA INAKUFA KIFO KIMOJA

Kosa la kwanza la mafundi wengi ni kuziona saa zote kuwa moja. Kabla ya kununua chochote, isome saa yenyewe. Usoni au mgongoni mwake kuna jina la mtengenezaji na volti. Magari ya Kiingereza yana Smiths. Peugeot zina Jaeger au Kienzle. Magari ya Kijerumani yana Kienzle au VDO. Malori makubwa ya Scania na Benzi yana saa iliyomo ndani ya kipimo cha mwendo, ile inayochora safari kwenye karatasi ya duara, na umeme wake ni volti 24. Saa ya lori ukiifunga kwenye gari dogo haitatembea. Ya gari dogo ukiifunga kwenye lori itaungua hapohapo.

Land Rover za zamani zina habari yake. Zile za miaka ya 50, 60 na 70 hazikutoka kiwandani na saa hata kidogo. Ukiikuta saa kwenye dashibodi ya Land Rover ya namna hiyo Mbamba Bay au Liuli, ujue mtu aliipenda akaiweka mwenyewe, mara nyingi kutoka gari jingine, kwa sababu vipimo vidogo vya Smiths na vya VDO hutumia tundu lilelile la milimita 52. Kwa mwenye kusaka spea hii ni habari njema: saa yake si lazima itoke kwenye gari la aina yake.

Lakini aangalie upande wa ethi. Magari mengi ya Kiingereza hadi miaka ya 60 yalifungwa chanya kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Saa ya koili na springi pengine itavumilia kugeuziwa nyaya. Saa yenye transista haivumilii. Inakufa mara moja, na hiyo ndiyo maiti ambayo haifufuki.

Quartz nayo inakufa, ila kwa ugonjwa mwingine. Benzi za W123, zilizoanza kutoka mwaka 1976 na ambazo bado ziko nyingi barabarani Afrika Mashariki, zilikuja kupata saa za VDO za quartz. Ndani yake mna kipande cha kioo kinachotetemeka mara milioni kadhaa kwa sekunde bila kukosea. Kioo hicho karibu hakifi. Kinachokufa ni kapasita ndogo iliyo pembeni yake, ambayo maji yake ya dawa hukauka baada ya miaka, au risasi ya viungo ambayo hupasuka kwa mtikisiko wa barabara.

> “Kapasita hiyo haiuzwi kwenye duka la spea za magari. Iko sokoni, kwa fundi redio.”

Kapasita hiyo haiuzwi kwenye duka la spea za magari. Iko sokoni, kwa fundi redio, ndani ya redio mbovu aliyoiacha mteja asirudi kuichukua. Masharti ni machache: uwezo wake ulingane na ule wa zamani, volti yake isipungue, na chanya na hasi zisikosewe. Fundi redio wa Mbinga mjini anaweza kuimaliza kazi hii huku mteja akinywa chai. Tatizo ni kwamba hakuna anayempelekea saa ya gari.

Mwambao nao una mambo yake. Maji ya Ziwa Nyasa ni baridi, hayana chumvi ya bahari ya kula bati, lakini unyevu wa masika unatosha kuotesha ukungu wa kijani kwenye shaba, na viungo vya waya hufunikwa nao. Kabla ya kuifungua saa yoyote iliyosimama Mbamba Bay, Lundo au Liuli, chomoa nyaya zake, sugua ncha zake na mahali pa ethi kwa msasa laini, kisha jaribu tena. Ukiwa mezani, ipe umeme wa betri kupitia balbu ndogo iliyofungwa katikati ya waya. Balbu ikiwaka bila kuzima, ndani kuna kilichoganda, na balbu hiyo ndiyo iliyoizuia koili isiungue wakati wa kupima. Saa ikianza kutembea, nusu ya kazi imekwisha bila kununua kitu.

Ikibidi kufungua, rimu ya mbele huinuliwa kidogokidogo kwa bisibisi butu, kuizunguka yote, bila kulazimisha upande mmoja. Mafuta yaliyoganda huoshwa kwa petroli safi, kisha kila ekseli hupewa tone linaloshikwa na ncha ya sindano. Mafuta yawe ya saa. Mafuta ya injini huvuta vumbi, na vumbi la Umatengo linajulikana.

Onyo jingine, na hili ni la afya. Saa za hadi miaka ya 60 zenye namba na mishale ya kung'aa gizani huenda zilipakwa rangi yenye radiamu. Mng'ao ulishakufa, lakini sumu ingalipo. Usiikwangue rangi hiyo, usiipulize, usiifungulie mezani panapoliwa chakula.

“SIMU IPO, SAA YA NINI?”

Hapa ndipo pande zinapogongana, na kila upande una haki yake.

Mwenye gari la kazi anaona upuuzi kumlipa fundi kwa ajili ya kitu kisichosogeza gari. Ana breki za kuangalia, ana tairi, ana bima. Huwezi kumlaumu. Dashibodi yake ilishakatwa siku nyingi ili redio mpya iingie, na mahali pa saa pamewekwa tundu la kuchajia simu.

Fundi umeme wa magari naye ana hesabu zake. Oltaneta ikimfikia asubuhi, jioni imelipwa. Saa inahitaji mkono uliotulia, macho mazuri na siku nzima ya kuangalia kama inakwenda mbele au nyuma. Mteja akiambiwa gharama, anacheka. Kwa hiyo fundi anajifunza kusema haina spea, kwa sababu ndiyo njia fupi ya kuikataa kazi bila ugomvi.

Halafu wako watunzaji, na wanaongezeka. Land Rover ya umbo la zamani iliacha kutengenezwa Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016, na tangu hapo thamani ya zilizobaki imepanda. Oktoba 2024 Arusha iliitisha tamasha la Land Rover lililokusanya magari hayo kutoka sehemu nyingi za nchi kwa nia ya kuvunja rekodi ya dunia. Mwenye gari aliyeona safu zile anarudi nyumbani na jicho jipya. Anaanza kuulizia kitasa cha asili, usukani wa asili, saa ya asili inayotembea.

Kati yao pia hawakubaliani. Kuna wanaosema saa ya zamani ikifa, chukua mashine ya saa ya ukutani, ya betri kavu ya volti 1.5, iingize ndani ya kasha la zamani, uso na mishale vibaki vilevile. Wengine wanaona hilo ni kuua kumbukumbu. Mimi nasimama na wa kwanza, kwa sharti moja: mashine iliyotolewa isitupwe. Ifungwe kwenye mfuko, iandikwe jina la gari, ihifadhiwe. Siku fundi anayeiweza atakapopatikana, itarudi mahali pake.

MIZANI YA VYUMA CHAKAVU

Adui mkubwa wa saa hizi si simu wala uzembe wa fundi. Ni mizani.

Land Rover ya kwanza ilipotoka mwaka 1948 Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu. Uamuzi huo ndio uliozifanya bodi zidumu bila kuliwa na kutu. Ndio pia unaoziponza leo. Aluminiamu ina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na wayeyushaji huifanya sufuria. Gari lililokaa miaka 15 nyuma ya nyumba linakatwa kwa siku moja: bodi upande wake, chuma upande wake, injini upande wake. Dashibodi inang'olewa kwa nyundo. Vipimo vinavunjika vioo, na saa inaingia kwenye gunia pamoja na nyaya, kwa sababu shaba nayo ina bei.

> “Kwenye mizani saa haina uzito wa kununulia hata kilo ya sukari. Kwa anayeitafuta, ni spea pekee iliyobaki wilayani.”

Hasara yake inaumiza. Kwenye mizani saa haina uzito wa kununulia hata kilo ya sukari. Kwa anayeitafuta, ni spea pekee iliyobaki wilayani. Na hata kama saa hiyo imekufa, ina gurudumu zima, ina mishale, ina kioo, ina rimu, ina pengine koili isiyoungua. Saa mbili zilizokufa kwa magonjwa tofauti hutoa saa moja nzima. Viwanda vilikwisha kuacha kuzitengeneza. Hakuna meli itakayoleta nyingine mpya. Akiba yote iliyopo ni hii iliyo mabandani.

Hali ni hiyohiyo kwenye minada. Magari ya serikali yaliyochakaa huuzwa, na mnunuzi huyatazama kwa tairi na injini. Afisa anayesimamia hapotezi chochote akiacha vipimo vitolewe kwa bisibisi kabla ya gari kuvutwa. Na mwenye nyumba anayewauzia wanunuzi wa vyuma chakavu gari la marehemu baba yake, awaombe nusu saa tu aifungue dashibodi. Skrubu zake si nyingi.

KUISAKA

Anayetafuta hana budi kuanzia karibu. Mbinga mjini na vijiji vya barabara ya Litembo, kisha Songea, ambako gereji ni nyingi na magari ya mizigo kutoka Makambako hupumzika. Huko aulize gari lililokufa, asiulize spea. Ukiuliza spea unajibiwa hakuna. Ukiuliza Peugeot 504 iliyolala, utaonyeshwa uchochoro.

Dar es Salaam kuna Gerezani, ambako wauzaji wa vifaa vilivyotumika hujua hata wasichokuwa nacho kiko kwa nani. Nairobi kuna Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado huiita Grogan, na Kampala kuna soko la Kisekka. Mzigo wa magari yaliyokatwa hutoka pia Sharjah. Hata hivyo, hayo mengi ni magari ya Kijapani ya karibuni. Saa ya Smiths kuikuta huko ni bahati.

Wasichofikiria watu wa mwambao ni kutazama ziwani. Malawi ilitawaliwa na Waingereza, inaendesha upande wa kushoto kama sisi, na magari ya Kiingereza yalijaa huko kwa miongo. Nkhata Bay iko ng'ambo ya Mbamba Bay. Biashara inavuka ziwa. Kasha la saa lenye ukubwa wa ngumi halitazamisha chombo. Afuate taratibu za forodha, na aende na saa yake mbovu mkononi ili apime tundu, nyaya na volti papo hapo. Picha ya simu haitoshi, kwa sababu saa mbili zinazofanana uso zinaweza kuwa na migongo tofauti.

Kuagiza Uingereza au Ujerumani kunawezekana. Huko kuna mafundi wanaoishi kwa kutengeneza saa hizi tu. Gharama ya posta na ushuru huizidi mara nyingi bei ya saa yenyewe, kwa hiyo busara ni kuagiza kile tu kisichoweza kufanywa hapa: risasi laini, mafuta ya saa, koili iliyoungua. Vingine vyote vina mikono hapa nyumbani.

MEZA MBILI

Mikono hiyo ipo, ila haijakutana. Fundi umeme wa magari anaujua umeme wa volti 12, anaijua ethi, anajua fyuzi iwekwe wapi. Haijui springi nyembamba kama unywele. Fundi saa wa sokoni, yule mwenye kioo cha jichoni, anaijua springi hiyo tangu ujana wake, lakini hajawahi kuitwa kwenye gari. Idadi yake inapungua. Simu zilimwondolea wateja, na vijana hawakai tena mezani pake kujifunza. Kila mwaka unaopita bila kupelekewa kazi, ujuzi wake unakaribia kuzikwa naye.

Kazi moja ingeweza kugawanywa vizuri kati yao. Wa gari aitoe, apime umeme, asafishe nyaya. Wa saa afungue, aoshe, atie mafuta, anyooshe mshale uliopinda, kisha aiache ikitembea kwenye betri siku nzima akirekebisha kwa kile kijiti cha mbele na nyuma. Wa gari airudishe na fyuzi yake. Malipo yaafikiwe kabla, na mteja aambiwe ukweli kwamba analipia muda wa watu wawili. Chuo cha VETA Songea kinafundisha vijana ufundi. Wiki moja ya mwanafunzi kwenye meza ya fundi saa ingetosha kumfungua macho, na haihitaji bajeti ya wizara.

Kingine ni daftari. Gereji za Mbinga mjini, Songea na Mbamba Bay ziwe na karatasi moja ukutani ya saa zilizokufa: mtengenezaji, volti, kipenyo, gari ilikotoka, na kilichoharibika ndani. Saa yenyewe inaweza kubaki kwa mwenyewe, na picha ya karatasi ikatumwa kwa simu kutoka gereji hadi gereji. Hapo mwenye Benzi wa Litembo atajua kwamba koili anayoitafuta imo ndani ya saa iliyovunjika kioo kule Liuli, na kwamba kuifuata ni safari ya siku moja.